Fuko Mwenye Nguvu Siye Anayezaa

Ukimnasa fuko mkubwa kwenye tuta la viazi, usidhani umemaliza ukoo. Mara nyingi uliyemnasa ni mfanyakazi tu. Anayezaa yuko ndani zaidi, na baada ya siku mbili tatu udongo utatifuliwa upya hatua chache kutoka pale ulipotega. Hili nimelijua kwa kukulia Ndaga, wilayani Rungwe, ambako kiazi mviringo ndicho ada ya shule na ndicho bati la nyumba, na ambako kila mwenye shamba ana habari zake na fuko.

Udongo wa kwetu ni mweusi na mwepesi, majivu ya volkano yaliyomwagwa na milima ya Rungwe na Ngozi. Jembe linazama lenyewe. Kiazi kinanenepa vizuri humo, na fuko naye anachimba kwa raha, hasa mvua zikianza na ardhi ikalainika. Unaamka asubuhi unakuta vifusi vimejipanga mstari kuelekea kwenye matuta. Ukivuta shina la kiazi linakuja mkononi, chini hakuna kitu. Vingine vimetafunwa nusu, vingine vimebebwa vizima kwenda kwenye ghala lao huko chini.

Mtegaji wetu alikuwa baba mdogo, na hakuwa mtu wa kutega ovyo. Alitafuta kifusi kibichi, kile ambacho udongo wake bado una unyevu, akafukua taratibu mpaka akaikuta njia yenyewe, tundu la kupitisha ngumi, kuta zake zimesuguliwa zikawa laini kwa migongo inayopita kila siku. Akaliacha wazi. Fuko hawavumilii hewa na mwanga kuingia nyumbani mwao, lazima mmoja wao aje kuziba. Hapo baba mdogo alipindisha fito, akafunga kitanzi na kukitumbukiza kwenye njia, na mbele yake akauvuta uzi na kuushindilia kwa udongo kidogo. Fuko akija huku anasukuma, anaukata uzi, fito inaruka.

Kazi yangu ilikuwa kushika. Wengine kitanzi kilikuwa kinawabana kiunoni tu, wanatoka wazima. Nilifundishwa kumshika kwa ngozi ya nyuma ya shingo, mbali na mdomo. Ukimwangalia kwa karibu unaona meno yake yako nje. Mdomo umefungwa nyuma ya meno, umezibwa kwa manyoya mafupi magumu, ili achimbe siku nzima bila kula udongo. Macho ni kama mbegu mbili za mchicha. Mkia kipande tu, una nywele ngumu kuuzunguka. Siku moja baba mdogo alimpelekea mmoja mpini wa jembe, akaung'ata. Alipouinua mpini, fuko akainuka nao, ananing'inia kwa meno, hataki kuachia.

"Unaliona taya hilo?" baba mdogo akasema. "Huyu ndiye baba yao. Ndiye anayewazalisha wote humu."

"Na yule wa juzi, baba mdogo?"

"Yule naye baba. Hawa wengi, mwanangu."

Hiyo ndiyo ilikuwa imani ya karibu kila mtu pale kijijini: mwenye taya na kichwa kipana ndiye mwenye nyumba, na ndiye mwenye wake. Ni rahisi kuamini hivyo, maana dume la ng'ombe na jogoo tunawaona kila siku wanavyotawala. Lakini mitego ilikuwa inasema mengine. Tundu lilelile, tukiendelea kulitega bila kuhama, lilitoa mmoja, halafu mwingine, halafu mwingine, wakubwa kwa wadogo, madume kwa majike. Na kati ya majike yale hukumwona hata mmoja mwenye chuchu za kuonekana. Kisha, kwa kuchelewa, akaja jike ambaye hakuwa mnene kuliko wote. Alikuwa mrefu. Kiwiliwili kilikuwa kimevutika, mgongo umenyooka kutoka mbavu hadi nyonga, na chuchu zimejitokeza wazi, manyoya yameisha pembeni yake kwa kunyonywa. Baada ya jike huyo na dume mmoja aliyemfuata, kona ile ya shamba ilitulia kwa muda mrefu.

Swali la nani hasa anayezaa humo nililibeba mpaka chuo cha kilimo pale Uyole. Mwalimu aliyetufundisha visumbufu vya mimea hakulipuuza hata kidogo. Aliniuliza maswali ya kina: tundu lilikuwa lilelile? Majike waliotangulia walikuwa wadogo au watu wazima? Nikamjibu kwamba wengine walikuwa wakubwa kuliko yule mwenye chuchu. Akaniambia niliyoyaona Ndaga ndiyo yanayowashughulisha watu wa sayansi kwa miaka mingi sasa, na akanielekeza nianzie wapi kusoma. Nimekuwa nikisoma habari za fuko tangu wakati huo, ingawa kazi yangu ni ugani na kilimo changu mwenyewe.

Kwanza, fuko si wa aina moja. Hapa Tanzania yuko wa rangi ya fedha anayeishi peke yake, shimo lake ni lake. Ukimnasa huyo, umemaliza, mpaka mwingine ahamie. Na wako wale wa jenasi ya Fukomys, wanaoishi kwa familia. Baadhi yao wako kusini-magharibi mwa nchi, na ng'ambo ya mpaka upande wa Karonga, Malawi. Mwaka 2017 watafiti, akiwemo Mtanzania Georgies Mgode wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, walitangaza aina mbili ambazo sayansi haikuwa imezipa majina, moja ya Mlima Hanang na nyingine ya upande wa Kigoma. Nilipolisoma hilo nilifurahi sana. Mkulima anamtwanga jembe mnyama huyu tangu enzi za babu, na bado kuna wa kwetu waliokuwa hawajaandikwa popote.

Maarufu kuliko wote ni yule asiye na manyoya, anayeishi Kenya, Ethiopia na Somalia. Mwaka 1981 Jennifer Jarvis alieleza kwenye jarida la Science kwamba fuko hawa wanaishi karibu na wanavyoishi nyuki na mchwa: malkia mmoja anazaa, dume mmoja hadi watatu wanampanda, na wengine wote, ambao kwa wastani ni kama 70 au 80 na mara chache hufika karibu 300, wanachimba, wanalea na wanalinda. Mnyama mwenyewe mfanyakazi ana uzito wa gramu 30 na kitu. Lakini robo ya misuli yake yote iko kwenye taya. Karibu theluthi ya ile sehemu ya ubongo inayopokea mguso imetengwa kwa ajili ya meno ya mbele. Watafiti waliompima kwa kumpa kifaa ang'ate walikuta nguvu ya taya lake inapita ile unayoitarajia kwa mnyama wa umbo lake.

Nguvu zote hizo anazo asiyezaa! Jike mfanyakazi anaweza kuishi miaka mingi, anang'ata, anachimba, anamkabili nyoka aliyeingia njiani, na mayai yake hayajakomaa hata mara moja. Hana ugonjwa. Hana kasoro. Malkia anapita kwenye njia akimsukuma kwa pua, na kuishi chini ya malkia huyo kunatosha kuuweka uzazi wake usingizini. Mtoe, mweke na dume peke yao, na ndani ya muda si mrefu mwili ule unaamka. Malkia akifa, majike kadhaa hupigania nafasi, na wakati mwingine wanauana. Hapo nguvu ina neno lake. Ila tazama mpangilio wenyewe: nguvu inampa nafasi, halafu nafasi ndiyo inayompa uzazi. Wako wenye nguvu tele ambao nafasi haikuwafikia.

Kwa fuko wa familia, hawa walio karibu zaidi na wa kwetu, hata vita hivyo havihitajiki. Hynek Burda, aliyefanya kazi miaka mingi na fuko wa Zambia, aliandika mwaka 1995 kwamba watoto wanaobaki nyumbani hawazai kwa sababu moja nyepesi: wote ni ndugu. Wanajuana, na ndugu na ndugu hawapandani. Mama na baba ndio waliokutana wakiwa wageni, wengine wote ni watoto wao wa mimba mbalimbali. Mama hana haja ya kumtisha binti yake. Binti anaweza kuwa mzito kuliko mama na mwenye taya kubwa kuliko mama, na bado anaamka kila siku kuchimba na kubeba viazi. Siku akikutana na dume wa ukoo mwingine, atazaa. Asipokutana naye, hatazaa. Na kwa fuko wa Damara, wa kusini mwa Afrika, utafiti uliotoka mwaka 2016 ulionyesha kwamba hata ule mgawanyo wa kazi tuliodhani ni tabaka la kuzaliwa unafuata umri na ukuaji.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nilimkumbuka shangazi.

Shangazi yangu, dada wa baba, hakujaliwa mtoto. Aliolewa Tukuyu, akakaa miaka, kisha akarudishwa nyumbani. Alikuwa ndiye mwenye nguvu kuliko wanawake wote wa ukoo wetu, na kuliko baadhi ya wanaume. Debe la viazi alilipandisha kichwani peke yake bila kutwishwa. Kuni za wiki alizishusha kutoka msituni kwa safari moja. Na kijiji kilikuwa na maneno ya aina mbili juu yake. Kuna waliosema nguvu zile ndizo zilizoula uzazi wake, kwamba mwili umekuwa wa kiume. Na kuna waliosema haiwezekani, mwanamke mwenye afya vile hawezi kukosa mtoto, lazima kuna jambo alilolifanya. Maneno yote mawili yanasimama juu ya jambo moja: kwamba ukitazama mabega ya mtu unaweza kuusoma uzazi wake. Mume aliyemrudisha hakuwahi kupimwa na mtu yeyote. Watu wa afya wanatuambia wazi kwamba kukosa mtoto kunaweza kutoka kwa mwanamume kama kunavyoweza kutoka kwa mwanamke, na pengine kwa wote wawili, lakini nani alikwenda kuuliza?

Mimi sipendi mtu anayemchukua mnyama na kumfanya mwalimu wa binadamu kwa kila jambo. Fuko wanauana kwa ajili ya kiti, hatuwezi kuwaiga huko. Shangazi alikuwa na akili yake, dini yake na huzuni yake, na hakuna fuko mwenye hivyo. Nilichokichukua kwa fuko ni kidogo, ila ni imara: kwamba mwili usiozaa si mwili mbovu, na mwili wenye nguvu hauna deni la uzazi kwa mtu. Nguvu na uzazi ni mambo mawili, na katikati yao kuna mazingira, nani uko naye, uko wapi, umepata nafasi gani.

Nilimweleza habari hizi tukiwa jikoni kwake, tunamenya viazi vya kukaanga. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na hao wasiozaa," akauliza, "wenzao wanawafukuza?"

"Hapana, shangazi. Wanabaki nyumbani. Wanachimba, wanaleta chakula, wanawarudisha watoto kiotani wakitambaa nje."

"Wanawalea."

"Ndiyo, shangazi."

"Kama nilivyokulea wewe," akasema, akanisogezea sufuria ya maji nisuuze viazi.

Sasa nije kwenye mfupa, maana hapa ndipo habari za fuko zilinigusa mwilini mwangu mimi.

Yule jike mrefu wa Ndaga urefu wake haukuwa wa bahati. Mwaka 2021 Rachel Johnston, Jenny Tung na wenzao walichapisha utafiti wa fuko wa Damara waliofugwa kwenye kituo kilichoko Kalahari, Afrika Kusini. Walifanya jambo la busara. Badala ya kulinganisha malkia na wafanyakazi waliokuwapo tayari, ambapo mtu angesema labda malkia walizaliwa tofauti, walichukua majike wasiozaa, baadhi wakawapa dume mgeni, baadhi wakabaki bila kuzaa. Waliopewa dume na kuanza kuzaa, pingili za kiuno zikaanza kurefuka, mnyama akiwa mtu mzima tayari. Tumbo likapata nafasi ya kubeba watoto zaidi kwa mimba moja. Kwa hiyo umbo la malkia halikuwa cheti alichozaliwa nacho. Umbo lilikuja baada ya nafasi.

Na gharama ikaja pamoja nalo. Mfupa wa paja ulipoteza uwezo wa kuendelea kukua. Ukuta wake ukapungua unene, nafasi ya uboho ikapanuka, na kadiri jike alivyozaa watoto wengi ndivyo mfupa ulivyokuwa mwembamba zaidi. Watafiti walikadiria kwamba mfupa wa namna hiyo uko karibu zaidi kuvunjika. Madini ya kujenga watoto na maziwa yanatoka mwilini mwa mama, na mama fuko anazaa tena na tena, mimba ya takriban miezi mitatu, amenyonyesha, ameshika nyingine.

Nilisoma hayo nikiwa nanyonyesha mtoto wangu wa tatu, mgongo unaniuma, na ni msimu wa kuchimba viazi. Kwa wasiojua, kuchimba viazi huku kwetu ni kazi ya kuinama tangu asubuhi, halafu kubeba kutoka shambani mpaka barabarani ambako gari linasubiri. Na magunia yanayosubiriwa na wanunuzi ni lumbesa, gunia limejazwa mpaka mdomoni, halafu likaongezwa kichwa cha nyavu juu yake. Sheria inasema gunia lisipite kilo 100. Lumbesa inapita, na mkulima analipwa kwa gunia moja. Wanaume ndio wanaopakia kwenye gari, lakini kutoka matutani mpaka barabarani mzigo unahama kwa madebe na ndoo, na madebe hayo yako vichwani mwa wanawake, wengi wao wana mtoto mgongoni au mimba tumboni. Wanasifiwa. "Mwanamke wa Rungwe ana nguvu." Sifa hiyo nimeisikia tangu utotoni na nilikuwa ninaipenda. Siku hizi nikiisikia ninauliza nguvu hiyo inatoka wapi, na nani anairudisha.

Nilikwenda kliniki nikamuuliza nesi bila kuzunguka: je, na mimi mifupa yangu inaliwa? Alinijibu vizuri na nataka kina mama wenzangu walipate jibu hilo kama nilivyolipata, maana sitaki habari ya fuko iwatishe watu waache kunyonyesha. Mwanamke anaponyonyesha, mifupa yake hutoa madini kidogo, ni kweli. Lakini akimwachisha mtoto, mifupa hujijenga tena kwa sehemu kubwa. Mwili wa binadamu una njia ya kurudisha. Inachohitaji ni chakula, na mapumziko kati ya mimba na mimba. Akaniambia nile dagaa na mifupa yake, maziwa nikiyapata, mboga za majani, maharage. Mgongo wenyewe, akasema, ni debe. Hakuna dawa ya debe zaidi ya kulipunguza.

Nilirudi nyumbani nikazungumza na baba watoto. Nilimweleza yote, mpaka pingili za fuko. Yeye ni mtu wa hesabu, hashawishiki kwa machozi, akauliza: tukipunguza debe tunaongeza safari ngapi? Tukahesabu. Tukaona ni afadhali kukodi toroli la ng'ombe la jirani siku za kuchimba. Wanawake wa shamba letu, mimi na wale tunaowalipa kibarua, hatubebi tena kichwani kwa umbali ule. Mwenye mimba anachambua na kupanga madaraja, habebi. Lumbesa tumeikataa. Mnunuzi mmoja aliyezoea kuchukua kwetu alikasirika akaondoka na gari tupu, na wiki ile viazi vilikaa vikatuumiza roho. Baadaye tulijiunga na majirani, tukawa tunauza kwa mizani, na mizani haitaki kichwa cha nyavu.

Liko jambo moja zaidi ambalo bado linanishangaza, na nadhani linafaa kuwekwa kando ya habari ya mfupa ili mtu asione upande mmoja tu. Mwaka 2006 Philip Dammann na Hynek Burda walionyesha kwamba kwa fuko wa Ansell, wa Zambia, wanaozaa huishi takriban mara mbili ya wasiozaa. Chakula kilekile, kizimba kilekile, ukoo uleule. Fuko asiye na manyoya naye anaweza kupita miaka 30, umri ambao panya wa ukubwa wake hauoti hata ndotoni. Wanyama wengi unaowajua, kuzaa kunapunguza maisha. Hawa kunayarefusha. Kwa hiyo kuna jike mwenye mfupa wa paja uliopungua unene, na mwenzake wa jamii moja naye ambaye uzazi umempa maisha marefu. Ukiniuliza nani kati ya malkia na mfanyakazi ndiye mwenye nguvu, nitakuuliza unapima nini: taya, mfupa au miaka. Kila kipimo kina mshindi wake. Mtu anayesema "mwenye nguvu" kwa ujumla, bila kutaja kipimo, hajasema kitu bado, awe anazungumzia fuko au mke wake.

Wakulima ninaowatembelea wananisikiliza kwa adabu kwenye hayo, lakini wanachotaka hasa ni viazi vyao. Ni haki yao. Kwa hiyo nawaambia nilichokijaribu shambani kwangu na kwa wengine.

Sumu kwenye njia za fuko siitaki. Paka anamla fuko aliyekufa, bundi pia, na bundi ndiye msaidizi wetu wa bure usiku. Wapo wanaopanda utupa pembezoni mwa shamba na kati ya matuta, wanasema fuko wanaukwepa. Mimi ninao, mahali pengine naona umesaidia na mahali pengine wamepita chini yake, kwa hiyo ninautumia pamoja na mitego, siutegemei peke yake. Kuvuna kwa wakati kunasaidia kuliko vyote viwili. Kiazi kilichokomaa kikaachwa ardhini kikisubiri bei ipande, hicho unawawekea wao.

Katika kutega, kosa kubwa ninaloliona ni haraka. Mtu ananasa dume kubwa, anampiga picha na simu, anamtuma kwenye kundi la kijiji, anahamisha mtego kwenda tundu lingine. Familia imepoteza mtu mmoja wa kazi. Wadogo wanaokua watachukua kazi yake. Baba mdogo, ambaye sasa amezeeka na miguu inamsumbua, ndiye aliyeanza kuwafundisha vijana namna tuliyokubaliana baada ya mimi kurudi na majibu ya chuoni. Nilipomweleza kwamba wale wenye taya hawakuwa baba wa mtu, alinyamaza kidogo, akasema, "Basi tulikuwa tunaua vijana wa watu." Tangu hapo kila fuko anayetolewa shambani kwake anageuzwa tumbo juu kabla ya kitu kingine.

Fanya hivyo na wewe. Mgeuze, tafuta chuchu. Kama ni dume, au jike ambaye tumbo lake halina kitu cha kuonekana, rudisha kitanzi kwenye tundu lilelile, ziba vizuri pembeni mwanga usiingie mahali pengine, na usubiri. Endelea hapohapo mpaka atoke jike mrefu mwenye chuchu zilizojitokeza. Akishatoka yeye na dume lake, usiondoe mtego bado. Uache siku kadhaa uone kama njia inazibwa tena. Tundu likikaa wazi, udongo ukakauka mdomoni mwake na usione kifusi kibichi, hapo unaweza kufukia na kupanda.